Kijito siyo tawimto: barua kwa Zuhura

Zuhura rafiki yangu,

Mambo? Meseji yako niliiona jana usiku na hayo maelezo yako ya mito nimeyasoma mpaka mwisho, mazuri kwa kweli, ila hilo ombi lako la "nipe maneno mengine ya kijito, nimechoka kuandika kijito kila mstari" nimeona nikujibu kwa barua kabisa, maana mambo ni mengi na meseji isingetosha.

Tuanze na kijito chenyewe. Kijito ni mto mdogo, basi. Limeundwa kama kijiti kutoka mti au kijiji kutoka mji, kwa hiyo linakwambia saizi tu, halisemi maji yanaishia wapi. Kijito kinaweza kuingia kwenye mto mkubwa, kinaweza kwenda baharini chenyewe, kinaweza hata kupotelea mchangani kisifike popote. Sasa we umeandika "Kasai ni kijito cha Kongo" afu mistari miwili chini unasema Kasai una urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, jamani Zuhura, kijito gani hicho!

Neno unalolitafuta pale ni tawimto. Hili halijali ukubwa, linajali uhusiano: mto wowote unaopeleka maji yake kwenye mto mwingine badala ya baharini au ziwani. Ndo maana Kasai na ukubwa wake wote ni tawimto, na Pangani wenye kama kilomita 500 tu siyo, kwa sababu Pangani unafika Bahari ya Hindi kwa jina lake mwenyewe. Na tawimto linaweza kuwa na matawimto yake, mfano Ubangi unaingia Kongo lakini wenyewe umezaliwa na Uele na Mbomou. Kwa hiyo ukibadilisha kijito kwa tawimto ili tu usirudie neno unakuwa umebadilisha maana, hayo siyo maneno pacha hata kidogo. Kijito kiache kwa vile vya juu kabisa milimani, vya kuruka kwa mguu.

Kuhusu upatanisho, utakuta watu wanaandika "tawimto wa" na wengine "tawimto la". Mi naandika "la", kwa sababu kinachoongoza ni tawi, na wingi nasema matawimto. Ukipenda kutenganisha, tawi la mto, sawa pia, ila chagua moja ulishikilie mpaka mwisho maana kwenye maelezo yako umechanganya yote.

Ila hilo tawi nalo lina shida yake na sijaona watu wakiisema sana. Kwenye mti tawi linatoka kwenye shina, si ndio? Kwenye mto maji yanakwenda kinyume, yanatoka kwenye matawi yanaingia shinani. Msomaji mgeni anaweza kudhani mto mkuu ndo unaogawa maji. Na inazidi kuchanganya ukifika delta, kule mto unapogawanyika kweli karibu na bahari, watu wanasema tena "matawi". We umefanya hivohivo kwenye Nile, umeiita Rosetta na Damietta matawimto sawa na Atbara, wakati Atbara unaleta maji na hiyo miwili inayapeleka baharini. Ushauri wangu, zile za delta ziite mikono ya mto, tawimto libaki kwa kinachoingia tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe hasa. Mi naona hauhitaji nomino nyingi, unahitaji vitenzi. Kiswahili kimejaliwa hapo, badala ya kuandika "X ni tawimto la Y" mara ishirini, sema unaingia, unamwaga maji yake, unajiunga, unakutana, unaungana, unachangia maji, na sentensi zitaanza kutembea zenyewe. Lakini hivi navyo havilingani. Ukisema mto unaingia mwingine, jina la ule wa kwanza linaishia hapo. Ukisema inakutana au inaungana, umeiweka sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo Khartoum sema Nile ya Buluu na Nile Nyeupe zinakutana, afu mbele kule Atbara unaingia. Kilombero na Luwegu zinaungana na hapo ndo jina la Rufiji linaanza, kisha Ruaha Mkuu unaingia chini yake. Athi na Tsavo zinakutana unapata Galana, na Galana huohuo ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, ni maji yaleyale, usije ukaandika Galana ni tawimto la Sabaki!

Na hapo ulipoandika "mto mdogo huingia mto mkubwa" futa, au weka "kwa kawaida". Nani mkuu nani tawi mara nyingi kimeamuliwa na mazoea ya watu na ramani zao, siyo futi kamba. Kule Marekani, mto Missouri ni mrefu kuliko Mississippi yote iliyo juu ya pale inapokutana, karibu na mji wa St. Louis, lakini jina lililoendelea mpaka baharini ni Mississippi na Missouri ndo umebaki kuitwa tawimto. Wanaopima kwa wingi wa maji nao wana kesi zao, pale Ohio unapoingia Mississippi ndo unaoleta maji mengi zaidi.

Vidogovidogo vingine haraka. Kushoto na kulia kwa mto unahesabu ukiwa umeangalia maji yanakoelekea, kwa hiyo Ubangi unaingia Kongo kutoka kulia na Kasai kutoka kushoto, we umezigeuza kwa kufuata ramani. Kagera na Mara usiziite matawimto ya Ziwa Viktoria, andika tu ni mito inayoingia ziwani. Korongo ni lile bonde lililochimbwa na maji, linaweza kuwa kavu kabisa, na mfereji kwa kawaida umechimbwa na watu, kwa hiyo hayo mawili yatoe kwenye orodha yako. Mkondo ni mwendo wa maji, ukiutumia kwa maana ya kijito watu watakuelewa lakini mi nisingeutumia kwenye maelezo ya darasani. Na kile kichwa chako cha "Mito midogo" kiwekee picha, mtu asije akafikiri unauza mito ya kulalia haha.

Ukishamaliza kurekebisha nitumie tena niipitie, hasa kile kipande cha Kongo, na ile ramani ya mkono uliyoichora weka mishale ya kuonyesha maji yanaelekea wapi, saa hizi haina hata mmoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanaidi