Jahazi la Kubembea Upande wa Kigamboni

Mlimani,
Dar es Salaam.
Julai 2025

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote huku Mlimani. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba mitihani yenu huko Dodoma imekwisha salama na kwamba mama amepata nafuu. Umeniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa ujumbe mfupi wa simu: kama ni kweli nilipanda lile jahazi la kubembea ambalo Salma alikutumia picha yake, na kama wewe nawe, unayeogopa mahali pa juu kama mimi, utaweza kulipanda ukija likizo. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana nakujua, hupendi kuamua jambo kabla hujalielewa.

Tulikwenda baada ya mtihani wa mwisho, wote wa kundi letu la semina. Tulichukua mwendokasi pale Ubungo hadi Kivukoni, tukavuka kwa pantoni, kisha tukapanda bajaji mbili hadi kwenye bustani ya michezo. Wengine walikimbilia magari ya kugongana, lakini mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye jahazi, kwa sababu lilionekana tangu getini na kelele za waliokuwa ndani yake zilifika hadi barabarani.

Ni chombo cha chuma chenye umbo la jahazi, kilichoning'inizwa kwa mikono ya chuma kutoka kwenye mhimili ulio juu ya nguzo. Viti vyake vimepangwa safu kwa safu, nusu ya abiria wakiwa upande wa tezi, yaani nyuma ya jahazi, na nusu upande wa omo, yaani mbele, wote wakitazamana kuelekea katikati, hivi kwamba upande wako unapopanda unawaona wenzako wa upande wa pili wakiwa chini kabisa. Nilisimama kwenye uzio nikilitazama likienda na kurudi, viganja vikitoka jasho na mate yakinikauka kinywani. Baraka, ambaye anasoma uhandisi, aliniona. Hakuniambia nisiogope. Aliniambia niiname kidogo nitazame chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa jahazi, na hapo nikaliona gurudumu la mpira, kama tairi la gari, likizunguka na kuusukuma mkuku kila ulipopita juu yake. Alinieleza kwamba hakuna kitu kingine kinacholivuta jahazi lile kwenda juu. Gurudumu huliongezea nguvu kidogo kidogo kila linapopita, kama vile mtu anavyomsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati unaofaa, na mwendeshaji anapotaka kulisimamisha, gurudumu lile lile hulikwaruza hadi mwendo wake upungue.

Kisha akanitaka nihesabu sekunde. Jahazi lilitumia sekunde sita au saba hivi kwenda upande mmoja na kurudi, na aliponiambia nihesabu tena baada ya watu wengi zaidi kuingia, hesabu haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Muda wa kubembea hutegemea zaidi urefu wa mkono unaoning'inia, wala si uzito wa waliomo, na mkono wa mita 10 hutoa karibu hesabu hiyo hiyo niliyoipata. Huenda utashangaa, Rehema, lakini jambo hilo lilinituliza kuliko maneno yote ya kunitia moyo niliyoambiwa siku ile. Kitu nilichokiona kama kichaa kilikuwa na mpangilio, na niliweza kuufuata kwa midomo yangu mwenyewe.

Nilimuuliza pia kuhusu ile hali ya tumbo kubaki nyuma, kwa sababu ndiyo ninayoichukia kuliko yote. Jahazi likifika mwisho wa juu na kuanza kurudi, kiti hakikubebi tena kama kawaida, kwa hiyo viungo vya ndani ya tumbo, ambavyo siku zote huelemea chini kwa uzito wake, huacha kuelemea kwa muda mfupi. Ndani ya sikio nako kuna vijiwe vidogo sana ambavyo hutuambia tumeelekea wapi, navyo hutoa habari hiyo hiyo: kwamba tunaanguka. Mwili huamini, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na moyo huanza kwenda mbio. Jahazi likipita chini, mambo hugeuka, nawe unakandamizwa kitini kana kwamba umeongezeka uzito. Wanaokaa kwenye ncha hupanda juu zaidi, na wa katikati hupanda kidogo. Salma, mtoto wa pwani, aliposikia hivyo akasema hapo hapo, “Tezi na omo, marejeo ngamani,” akanishika mkono twende tukakae ngamani, yaani katikati.

Lakini nikuambie ukweli, nisingepanda kwa sababu ya fizikia peke yake. Juma alikuwa ameanza kunitania mbele ya watu, akiita jina langu kwa sauti na kuniuliza kama nimekuja kuangalia nguzo. Utani tumelelewa nao, na Juma ni rafiki wa kweli, ila mtu aliyekaza meno kwa hofu hapaswi kutaniwa. Neema alimwambia anyamaze, kisha akanigeukia na kusema kwa upole, “Ukipanda napanda nawe, ukibaki nabaki nawe, na tutakunywa maji ya dafu.” Alimaanisha, kwa sababu alikuwa tayari ametoka kwenye foleni. Baada ya maneno hayo sikuwa na mtu wa kumthibitishia chochote, nikajiuliza tu kama ninataka, na nikaona kwamba ninataka.

Tulikaa safu ya katikati, mimi kati ya Neema na Salma. Mwendeshaji alishusha chuma cha kuzuia mapaja, akakivuta kwa nguvu kuhakikisha kimefunga, kisha akarudi kukivuta tena bila kuombwa. Mpira uliofunika chuma hicho ulikuwa umelika mahali pawili, pale pale ambapo viganja vyangu viliangukia, kwa kushikwa na watu wengi walionitangulia. Mara za kwanza zilikuwa za kawaida. Jahazi lilipopanda hasa, nilipiga kelele, nikafumba macho, na kichefuchefu kikaanza, hadi Neema aliponiambia niyafumbue nitazame mbali. Niliyafumbua, nikaona vilele vya minazi na ukanda wa bahari nyuma yake, na tumbo likatulia. Hofu haikuondoka, ila ilikaa pembeni ikaniachia nafasi ya kucheka. Niliposhuka magoti yalikuwa yakitetemeka, nami nikataka kurudi.

Sasa kuhusu wewe. Hofu yako hainitii wasiwasi, kinachonitia wasiwasi ni mgongo wako uliokusumbua mwaka jana. Pale getini pana kibao kinachowakataza wenye matatizo ya moyo, mgongo au shingo pamoja na wajawazito, na mimi nakichukulia kwa uzito wake. Mwone daktari kwanza. Akikuruhusu, tutakaa katikati, utafumbua macho, na utakula saa mbili kabla, si pale pale. Ukifika uziani ukaona hutaki, niambie tu, nasi tutakwenda kwenye madafu bila mtu yeyote kukuuliza kwa nini, na Juma nimekwisha kuzungumza naye.

Nijulishe siku utakayopanda treni ya SGR ili nije kukupokea stesheni, na uniandikie daktari atakavyosema.

Rafiki yako akupendaye,
Zainabu