Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: mama yangu anasubiri lenzi

Mheshimiwa Mbunge,

YAH: LENZI ZA UPASUAJI WA MTOTO WA JICHO MKOANI MTWARA

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kuwa u mzima na kwamba kazi za Bunge zinakwenda vyema. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizipeleka mwenyewe ofisini kwako, zikapokelewa, zikagongwa mhuri, na mpaka leo sijapata jibu. Hii ya tatu naiandika hadharani kwa sababu ya yaliyotupata Alhamisi iliyopita.

Siku hiyo nilimpeleka mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, kwenye kambi ya macho iliyotangazwa kwa kipaza sauti kijiji hadi kijiji. Tulitoka nyumbani saa tisa za usiku kwa bodaboda, yeye akiwa katikati na mimi nyuma nikimshika, tukawa kwenye foleni kabla jua halijachomoza. Saa tano aliitwa, akatiwa matone ya kupanua mboni, akapimwa urefu wa jicho la kushoto na mkunjo wa kioo chake cha mbele, akaandikiwa kwenye karatasi namba ya lenzi, yaani nguvu ya kile kioo kidogo cha plastiki kinachowekwa ndani ya jicho mtoto wa jicho akishatolewa, kisha akavalishwa kofia ya chumba cha upasuaji. Alikaa na kofia ile kichwani hadi saa kumi jioni. Ndipo alipotoka muuguzi mmoja, ambaye simlaumu kwa lolote kwa sababu naye alikuwa hajala tangu asubuhi, akatuambia kwamba lenzi za namba ya mama zimekwisha. Alinifungulia boksi nione kwa macho yangu. Zilikuwa zimebaki za namba za chini sana na za juu sana. Nilipouliza kambi nyingine itakuwa lini, alisema tarehe haijapangwa.

Tulirudi nyumbani usiku. Mimi nililala kwa uchovu, na mama, ambaye hakutaka kuniamsha, alikwenda kujibandikia uji. Akapapasa kutafuta mfuniko, mkono ukatua kwenye sufuria iliyokuwa motoni. Nilizinduliwa na sauti yake. Leo ninapoandika, kiganja chake cha kulia kimefungwa bandeji, na kila anapouliza lini tutarudi kule kambini namjibu kwamba karibuni, na ananijua mwanawe ninaposema nisilolijua.

Mheshimiwa, mama yangu amebangua korosho kwa mikono yake tangu alipokuwa msichana. Kwa kazi hiyo ndipo tulipoujua ugonjwa wake, maana korosho zake, ambazo wanunuzi walizichagua kwa sababu zilitoka nzima, zilianza kutoka vipande. Alidhani ni uzee wa vidole. Baadaye akaanza kusema kwamba anaona kama aliye ndani ya chandarua. Majirani walisema ni moshi wa kukaangia korosho, wengine wakasema ni jua la shambani. Wataalamu hutaja umri kwanza, kisha kisukari, sigara na jua, nami nadhani miaka yote ile ya moto na jua haikupita bure. Lakini chanzo kiwe kipi, tiba yake inajulikana, na ndiyo maana uchungu wangu ni mkubwa. Kama mama angekuwa na maradhi yasiyo na dawa ningemwachia Mungu.

Miaka mitatu iliyopita, jicho la kulia lilipokuwa limeziba kabisa na kuanza kuuma, tulizungushwa kutoka dirisha hili hadi dirisha lile kwa miezi, mpaka tukaambiwa kwamba mtoto wa jicho amekomaa mno na presha ya jicho imepanda, kwa hiyo tutafute matibabu makubwa zaidi. Mjomba alikuwa na rafiki aliyetibiwa India. Ukoo ukakaa, tukauza mikorosho 40, ile aliyoipanda marehemu baba, pamoja na kiwanja kimoja. Tukahangaikia pasipoti, viza ya matibabu kwa mama na viza ya msindikizaji kwangu, tukapanda basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kisha ndege hadi Chennai. Gharama zote, pamoja na chumba cha kulala na chakula, zilifika shilingi milioni 9 na laki 4.

Upasuaji wenyewe haukumaliza nusu saa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikishika tasbihi, sijafika hata nusu yake, mama akatolewa. Daktari, mtu mzima mpole, alinieleza kwamba walipasua mlango mdogo pembeni mwa jicho, wakalitoa lile tonge gumu lililokuwa limegeuka rangi ya kahawia, wakaweka lenzi ya plastiki ndani ya kifuko kilekile cha asili, na jeraha likajifunga lenyewe bila mshono. Hawakutumia mashine ile ya gharama kubwa inayosaga mtoto wa jicho kwa mawimbi ya sauti. Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo linanichoma, kwamba nchi yangu haina madaktari wanaofanya upasuaji huu? Nilimjibu kwamba wapo. Wapo katika hospitali za Muhimbili na CCBRT kule Dar es Salaam, wapo KCMC kule Moshi. Sikuweza kumweleza kwa nini mimi niko Chennai.

Yeye ndiye aliyenisimulia pia kwamba lenzi hizi za kuwekwa ndani ya jicho zilianza London mwaka 1949, kwa mikono ya daktari Harold Ridley, aliyekuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita viliingia machoni mwa marubani na jicho halikuvikataa. Kabla ya hapo mgonjwa alitolewa mtoto wa jicho akabaki na miwani minene kama kitako cha chupa. Na India yenyewe, alisema, kwa miaka mingi wagonjwa maskini walikosa lenzi kwa sababu zilizotoka nje zilikuwa ghali mno, mpaka mwaka 1992 kilipoanzishwa kiwanda cha Aurolab kule Madurai, ndipo bei zikashuka. Sikuombi kiwanda, Mheshimiwa. Nayataja haya kwa sababu lenzi si tena kitu cha matajiri, na mzee wa Mtwara kuikosa leo si jambo la kusema ni kudura.

Mama alirudi akiona. Alimwona mjukuu wake wa mwisho kwa mara ya kwanza, akamshika kidevu, akasema amefanana na babu yake. Mwaka jana lile jicho likaanza tena kuingia ukungu. Tukaelezwa kwamba ni utando unaoota nyuma ya lenzi, jambo la kawaida kwa wengi waliopasuliwa, na kwamba hutobolewa kwa miale ya leza kwa dakika chache bila kumpasua mgonjwa. Tukaambiwa leza hiyo hapa haipo, turudi tulikotibiwa. Yaani Chennai. Tukauze nini sasa? Hili wanaosafiri kwenda nje hawaambiwi mapema, kwamba ukivuka bahari kwa matibabu, ufuatiliaji wake unabaki ng'ambo, na wewe umerudi kijijini na chupa mbili za matone.

Sasa nikukumbushe maneno yako, kwa adabu. Wakati wa kampeni ulisimama chini ya mwembe ulio mbele ya ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika. Mama alikuwepo, nilimbebea kiti mwenyewe na kumweka mstari wa mbele. Ulisema kwamba hakuna mzee wa jimbo hili atakayefunga safari ya Dar es Salaam, seuze India, kwa ajili ya macho. Mama alipiga makofi hadi kitenge kikamvuka kichwani. Ulishuka ukamshika mkono, mkono huu huu uliofungwa bandeji leo, ukamwita "mama yangu". Hajalisahau neno hilo, na hakubali nikuseme vibaya.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa katika Bunge hilo mnaloketi mwaka 2023. Mama ana kitambulisho cha mzee na hupita dirisha la wazee bila kulipa. Lakini msamaha wa kulipia lenzi isiyokuwepo unamsaidia nini? Mara ya mwisho kabla ya kambi tuliambiwa tununue lenzi wenyewe tuje nayo, na hakuna duka la dawa mjini wala kijijini nililoikuta.

Nimejaribu kufikiri tatizo liko wapi. Nadhani lenzi huagizwa kwa kuhesabu vichwa vya wagonjwa bila kufikiria namba za macho yao. Macho ya watu wengi huangukia namba za katikati, kwa hiyo hizo huisha asubuhi, na zinazobaki ni za macho marefu mno au mafupi mno. Kama nimekosea, basi nielekezwe. Kama nimepatia, basi dawa yake ni sanduku lililopangwa vizuri na mtu wa kulijaza kila linapopungua. Kambi haitoshi. Mtoto wa jicho hasubiri msimu, na njia yetu ya kwenda Dar es Salaam si ya kutegemewa na mgonjwa, maana mwaka 2024 mvua ziliikata pale Somanga na wagonjwa walikwama pamoja na mizigo.

Naomba awepo daktari wa upasuaji wa macho mkoani wakati wote. Naomba ile leza. Naomba lenzi za namba zote ziwe kabatini mwaka mzima, na kambi ikitangazwa, itangazwe pamoja na idadi ya lenzi zilizopo, ili mtu asimtoe mzazi wake kitandani saa tisa za usiku kwa kubahatisha. Na kama yote hayo ni mazito kwa bajeti ya mwaka huu, naomba lenzi moja. Karatasi ya vipimo ninayo, nimeiweka pamoja na kadi ya lenzi ya Chennai ndani ya bahasha ya nailoni isilowe. Jicho ni la kushoto, namba ni 21.5. Niambie ilipo, hata kama ni usiku, nami nitamleta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa korosho,
Mtwara