Somo yangu, si mapenzi yaliyokwisha

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, nikaukatisha kwa sababu watoto walikuwa karibu. Mara ya pili nilijifungia bafuni. Ya tatu ni sasa hivi, nyumba nzima imelala. Nimeona nisikujibu kwa sauti, maana nitalia, na kilio changu hakitakusaidia kitu. Bora niandike, usome taratibu, urudie unapotaka, kisha uufute kama unaogopa simu yako inashikwa.

Umesema umekauka kama kuni, na mumeo anaamini una mtu. Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nimekusikia na wewe mwenyewe umeanza kujiuliza kama mapenzi yamekwisha. Hayajakwisha, somo. Mtu aliyekwisha mapenzi hajifungii chooni kulia kwa kushindwa kumpokea mumewe. Kilichopungua mwilini mwako ni kitu chenye jina, na kina tiba.

Kwanza nikuombe radhi. Mimi haya yalinipata miaka miwili iliyopita na sikukwambia. Kwenye msiba wa mama yako tulilala mkeka mmoja siku nne. Ukaniona nakaa upande upande, ukaniuliza nina nini, nikakujibu mgongo. Haukuwa mgongo. Ningesema siku ile, labda leo usingekuwa unateseka peke yako huko Mwanza.

Kwangu ilianzia kwenye haja ndogo. Nikimaliza kukojoa panabaki panawaka kama nimejipangusa kwa mkono uliokata pilipili. Nikipanda bodaboda, mshono wa nguo ya ndani unanikwaruza. Tendo la ndoa likawa msasa; nauma meno, nahesabu, naomba liishe. Duka la dawa la kwanza wakaniambia ni fangasi, wakanipa vidonge vya kuweka ukeni usiku. La pili wakasema UTI, nikameza antibayotiki. La tatu wakaniuzia vyote viwili. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina miaka mingapi, wala natumia njia gani ya uzazi wa mpango.

Aliyeniuliza ni mkunga mmoja mtu mzima, kliniki, siku niliyokwenda kuchoma sindano yangu ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeshapandisha mkono wa gauni. Akaniona nimekaa kwa tabu kwenye kile kiti cha plastiki, akaweka bomba la sindano chini, akafunga mlango. Akaniuliza: una miaka mingapi? 44. Depo umeitumia muda gani? Mwaka wa saba. Hedhi je? Sijaiona miaka mitano. Ukikutana na mume unaumia? Hapo nikashindwa kujibu, akanipa kitambaa.

Alinieleza hivi. Ukuta wa ndani wa uke unalishwa na homoni iitwayo estrojeni. Ikiwepo ya kutosha, ukuta unakuwa mnene, una mikunjo, unavutika, unatoa ute. Ndani yake kuna sukari ambayo bakteria wazuri wanaila na kutengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo ulinzi wetu. Estrojeni ikishuka, ukuta unakuwa mwembamba, ute unapungua, asidi inapungua, na njia ya mkojo iliyo jirani nayo inadhoofika. Ndiyo maana mwanamke anawaka kila akikojoa, na wakati mwingine UTI ya kweli inamrudia rudia. Akaniambia, "Mdomo ukipasuka wakati wa kipupwe, unapaka dawa ya fangasi?"

Sasa sikiliza kinachotuhusu mimi na wewe. Sindano ya Depo inazuia yai lisipevuke, na vifuko vya mayai vikilala hivyo, estrojeni nayo inashuka. Wanawake wengi hawasikii tofauti yoyote, kwa hiyo usiwatishe mabinti zako. Lakini sisi tuna 46. Katika umri huu vifuko vyenyewe vimeanza kuchoka, homoni inapanda na kushuka miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma kabisa. Sindano juu ya umri, mambo mawili yanavuta upande mmoja. Na kwa kuwa sindano imekuzibia hedhi, hujui kama damu imekata kwa dawa au kwa miaka. Yale majasho ya usiku uliyosema yanakulowesha shuka nayo mtajie daktari, huenda yanatoka kwenye chanzo hichohicho.

Nikikumbuka tulivyofundwa, nasikitika. Tulitolewa pamoja, tukaambiwa namna ya kumpokea mume, kujitunza siku za damu, kukaa arobaini. Unyago wa siku ile ulikuwa wa kuingia. Hakuna aliyetuita tena ndani tulipofika miaka 45 kutufunda namna mwili unavyotoka kwenye uzazi. Na wale waliotufunda walikuwa wameshapita huko, walikuwa wanajua. Waliosema mficha uchi hazai walisema kweli, ila nimegundua tuliacha kufunua uchi siku tulipomaliza kuzaa.

Na katika ukimya huo ndipo anapoingia jirani yako na shabu.

Somo, shabu iache leo. Sikusemi kwa hasira, nakusihi. Nimekuelewa ulivyoeleza: mumeo alilalamika, ukadhani umelegea, ukauziwa unga wa kubana. Lakini shabu kazi yake ni kukausha na kusinyaza. Unaiweka juu ya ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba na haina ute. Unachokihisi kama kubana ni ukavu ulioongezeka, na ule mwasho wa siku ya pili ni michubuko. Michubuko ni mlango. Maradhi ya zinaa na virusi vya Ukimwi vinapita hapo kirahisi zaidi kuliko kwenye ngozi nzima. Halafu hizo sabuni za kuoshea ndani, maji ya ndimu, na kujifukiza udi kwa kuukalia, weka pembeni zote. Udi fukiza nguo na chumba, utanukia vilevile. Huko chini osha kwa nje kwa maji tu. Ndani panajisafisha penyewe.

Umesema pia tarehe ya sindano ikifika huendi. Hapo ndipo naomba unisikilize sana. Kuiacha sindano unaweza, mimi niliiacha. Lakini usiache pengo. Kutoona hedhi ukiwa kwenye Depo hakumaanishi huwezi kushika mimba ukishaiacha. Wengine uzazi unachukua karibu mwaka kurudi, wengine unarudi mapema, na wewe una presha. Mimba ya umri huu juu ya presha si jambo la kubahatisha. Nenda kliniki kabla ya tarehe hiyo, pale penye nyota ya kijani, kwenye vituo vya serikali huduma hii hailipiwi. Mwambie mhudumu mambo matatu kwa mpigo: umri wako, ukavu, presha. Na vile vidonge vya kila siku anavyotumia wifi yako usivichukue kwake. Vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha.

Mimi nilihamia kitanzi cha shaba, kile ambacho hakina homoni. Kwa kuwa nilikiweka nikiwa nimeshavuka 40, nimeambiwa kinaweza kukaa mpaka nikome hedhi kabisa. Nisikufiche ubaya wake: hedhi iliporudi, mwezi wa nane baada ya sindano ya mwisho, ilikuja nzito. Miezi minne niliamka usiku kubadilisha pedi, na tumbo likinisokota kama mwali. Sasa imetulia. Wewe uliwahi kuongezewa damu kwenye uzazi wa pili, kwa hiyo hilo wakumbushe, huenda wakakuchagulia njia nyingine. Kuna vijiti vya mkononi, kuna kitanzi chenye homoni kidogo, na mumeo naye ana yake ya kufanya akikubali. Ukiuliza mwisho wa yote haya ni lini: ukikoma hedhi kabla ya 50 unaendelea kujikinga miaka miwili tangu damu ya mwisho, ukikoma baada ya 50 unaendelea mwaka mmoja. Lakini hesabu hiyo haishiki ukiwa umezibwa na sindano, kwa hiyo usijihesabie mwenyewe.

Kuacha sindano kulinisaidia nusu. Nusu nyingine ni umri, na huo hauna pa kuhamia. Kwa hiyo nina vitu viwili. Cha kwanza ni jeli ya kulainisha, ile ya maji, duka la dawa inapatikana bila cheti. Unapaka wewe, anapakwa na yeye, na ikikauka katikati unaongeza bila haya. Mafuta ya nazi ya bibi zetu nayo yanalainisha, lakini mafuta ya aina yoyote yanaharibu kondomu za mpira, na mafuta mazito ya mgando usiyaingize kabisa.

Cha pili ni krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, hii nimeandikiwa na daktari wa akina mama. Unaweka kidogo usiku, mimi niliambiwa kila siku kwa wiki mbili, baada ya hapo mara mbili kwa wiki. Kiasi chake ni kidogo na kinafanya kazi palepale, hakizunguki mwilini kama dawa ya kumeza. Usitegemee muujiza wa siku tatu. Wiki ya tano ndipo niliposhtuka nimetoka chooni bila kuwaka, nikarudi kukaa kitandani nikamshukuru Mungu. Hiyo si kinga ya mimba, na si ya kupaka muda uleule mnapokutana. Na sikugawii yangu, hata kama nakupenda, kwa sababu daktari lazima kwanza akuulize habari za saratani ya matiti na damu isiyoeleweka.

Damu. Nimeiacha mpaka hapa ili uisome ukiwa umetulia. Umesema, tena kwa haraka kama unaipita, kwamba mara mbili umeona damu baada ya tendo. Inawezekana ni michubuko ya ukavu na shabu. Lakini usiitie kwenye kapu la ukavu kabla hujapimwa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na damu baada ya tendo ni mojawapo ya dalili zake. Kipimo cha siki ni dakika chache: wanapaka, wanaangalia, unashuka kitandani. Kwa kuwa una damu, waambie wakuangalie vizuri zaidi ya hapo, wakikupa rufaa uifuate. Nilipopimwa mimi mikono ilikuwa ya baridi kwa hofu. Nesi akanishika goti tu, hakusema kitu, nikatulia. Usingoje sindano, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda wiki hii.

Kuhusu shemeji. Mimi wangu nilimwambia umeme ukiwa umekatika, kwa sababu nilijua nikimwona uso sitaweza. Nikamwambia naumia, tangu lini, na mkunga kasema nini. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umenichoka." Mwaka mzima alikuwa amelala na wazo hilo, na mimi na langu, kitanda kimoja. Tangu siku hiyo hana haraka na mimi. Tunaanza mbali, tunazungumza, ananikanda miguu, na siku nikisema hapana inabaki hapana na tunalala tumeshikana. Shemeji ni mkali wa maneno, lakini nimemwona alivyokuuguza ulipofanyiwa upasuaji. Akikataa kuamini, mchukue hadi kliniki akasikie kwa mhudumu. Ikishindikana, niruhusu niongee naye mimi, kama shemeji yake, kwa adabu zote.

Kesho asubuhi nakupelekea kifurushi kituo cha basi. Ndani kuna jeli mbili, zimefungwa kwenye kanga ya bluu ili asiyehusika asione, na karatasi niliyoandika yale ya kumwambia mhudumu, usije ukafika mbele yake maneno yakakukimbia kama mimi. Juu nimeandika jina letu na namba yako ya simu. Jina la mtumaji na mpokeaji ni moja, wakikuuliza ofisini waambie ni somo wako. Kifurushi kitakuwa kimefika Jumanne jioni. Siku utakayokwenda kupimwa nitumie ujumbe ukiwa bado kwenye foleni, nitapiga simu nikae na wewe mpaka uitwe.

Somo wako