Zuhura, hesabu upya safari ya Mama

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi wazima, Hamisi mguu umeshapona, mengine tutaongea. Nimekaa kuandika kwa sababu ya picha ya tiketi ya Mama uliyonitumia jana na maneno yako chini yake: "Kwenda karibu masaa 25, kurudi tisa na nusu tu, alhamdulillahi." Shoga yangu, sivyo. Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo.

Tazama tena. Anaondoka London saa 6:00 mchana, anatua Perth, Australia, kesho yake saa 6:45 mchana. Ila saa ya kuondoka ni ya London na ya kutua ni ya Perth, na Januari Perth iko mbele kwa masaa 8. Yatoe, yanabaki 16 na dakika 45. Sasa kurudi Februari: anaondoka saa 1:00 usiku, anatua saa 10:30 alfajiri. Hapo unaongeza 8, unapata masaa 17 na nusu. Hiyo uliyoiona fupi ndiyo ndefu! Umbali ni uleule, kama kilomita 14,500, lakini huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Akienda unamsukuma, akirudi ndege inapambana nao.

Mzee anasema ni zaidi ya siku nzima kwa sababu yeye alipita na kubadili ndege njiani. Hii ya moja kwa moja ilianza Machi 2018.

Kilichonishtua hasa ni vidonge. Umesema wakati wa kurudi utamwekea kimoja. Dawa ya kila baada ya masaa 12, ndani ya masaa 17 na nusu angani, na bado foleni ya pasipoti na kusubiri begi! Mwekee vya kutosha na vya akiba, vyote kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye begi kubwa. Na muulizeni daktari wake mapema ameze saa ngapi, maana akirudisha mishale ya saa yake nyuma masaa nane, hatajua tena kipi amemeza. Ile saa ndogo ya mkanda wa kahawia akienda aiache kwenye saa za London mpaka atue Perth, na akirudi aiache kwenye saa za Perth mpaka atue London. Namwona anavyoisogeza karibu na macho kuisoma.

Hebu niambie: kiti chake ni cha kando ya njia, aweze kuinuka anyooshe miguu? Ile miguu bado inamvimba jioni? Dada yako anajua anafika mchana, si usiku? Salma ndiye atampeleka uwanjani, au wewe? Na vidonge, utavihesabu leo?

Wako,
Mwanaidi