Barua kwa mwanangu: toa hilo godoro

Makambako, Jumapili jioni

Mwanangu Ayubu, baba yangu,

Ningekupigia, lakini kwenye simu unasema "sawa mama" kabla sijamaliza neno. Barua huwezi kuikatisha. Nampa dereva wa Kosta ya kesho asubuhi pamoja na madumu manne. Ukiyapokea usimlipe, nimeshamlipa.

Picha uliyomtumia dada yako nimeiona. Vifaranga niliwaona baadaye, macho yangu yalianzia kwenye godoro. Umelilaza ukutani, hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa, na dirisha umeliziba kwa blanketi. Nikauliza, huyu analala wapi? Dada yako akacheka, akasema analala na kuku wake. Mimi sikucheka.

Ayubu, usilale humo.

Najua utakachosema. Mafinga mwezi huu wa Juni baridi inauma mpaka kwenye meno, umeme unakatika bila kuaga, na vifaranga 150 umewanunua kwa mshahara wako mwenyewe. Unaogopa. Kifaranga wa siku chache hana manyoya, ana malaika tu, na wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35. Yote hayo nayajua. Nimelea vifaranga kabla hujajua kuvaa viatu. Ndiyo maana nakuambia, hofu ya vifaranga isikufanye ulale kwenye chumba chenye mkaa unaowaka.

Kinengunengu chako, hilo duara la kulelea vifaranga, ni kizuri, nisikunyime hilo. Baada ya ibada nilimwonyesha mama mchungaji ile picha, nikamwambia tazama duara la mwanangu, silingibodi amezikunja zimezunguka vizuri, hakuna kona hata moja. Yeye wake aliwaweka kwenye boksi la friji, usiku wakajazana konani, asubuhi akatoa kumi na saba waliokandamizwa. Wewe hilo umelijua bila kufundishwa. Au ulinisikia siku moja ukajifanya husikii, sijui. Duara la mita 2 linawatosha wiki hii. Jumamosi lipanue, wanakua haraka.

Ila hiyo uliyomwaga chini ni vumbi la mbao, siyo randa, yale maganda mepesi ya mbao. Mji mzima huo ni wa mbao, viwanda kila upande, halafu mwanangu anaokota vumbi! Vumbi wanalila, matumbo yanaziba, na wanalivuta puani. Nenda kwa fundi yeyote akupe randa kavu, uzitandaze unene wa inchi mbili au tatu, na zikilowa kwenye maji toa hapo palipolowa siku hiyo hiyo. Magazeti sawa kwa siku za kwanza, mwagia chakula juu yake wajifunze kudonoa. Usiyaache peke yake, yanateleza na miguu inatanuka, kifaranga wa namna hiyo hasimami tena.

Sasa jiko. Mtu amekuambia mkaa ukishaiva, ukawa mwekundu na moshi umekwisha, hauna shida. Kila mtu anasema hivyo. Hata mimi nilisema hivyo. Moshi unaokuchoma macho unakufukuza mwenyewe, unatoka nje, unapona. Hii hewa nyingine haionekani wala hainuki, na inatoka kwenye mkaa mwekundu vilevile, hata uliofunikwa jivu. Inaingia kwenye damu ikakaa mahali pa hewa safi. Unaumwa kichwa kidogo, unajiambia ni uchovu wa kazi, usingizi unakuja mtamu. Ndiyo maana sitaki kusikia "nikiona vibaya nitatoka". Aliyelala haoni vibaya.

Ule usiku mdogo wako alipobebwa mgongoni mpaka zahanati, sote tulisema malaria. Walipima, hawakuiona. Malaria niliisema mimi, kwa baba yako na kwa bibi yako, nikaendelea kuisema. Na vifaranga wale thelathini mliambiwa ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kideri hakiui banda zima usiku mmoja, wakalala wametawanyika, wametulia. Chini ya mlango nilipaziba kwa ile kanga yangu ya rangi ya chungwa, ndiyo maana hukuiona tena. Basi.

Madumu ni kwa ajili hiyo. Ni ya lita 5, hayavuji, nimeyajaribu. Jioni chemsha maji, yajaze, funga vifuniko sawasawa, yavishe magunia, yaweke ndani ya duara kwa kuachana. Vifaranga watayaegemea kama mama yao. Yakipoa badilisha. Umeme ukiwepo washa taa, uifunge kwa mnyororo au waya imara na siyo kwa ile kamba yake ya umeme, maana ikianguka kwenye randa utawaka wewe na nyumba ya watu. Jiko liwe la usiku ule ambao huna namna. Na ukilitumia, washa nje mpaka liive, liweke juu ya matofali, lizungushie wavu wasiungue, na lile blanketi ulitoe dirishani. Upepo wa chini ndio unaowaua, huo uzuie kwa zile silingibodi. Juu paachwe wazi. Watu wanaogopa dirisha la juu kama mwizi.

Halafu wewe ulale chumba kingine. Tega simu, amka saa nne, saa saba, saa kumi. Fungua mlango kwanza, simama hapo nje kidogo, ndipo uingie. Kama mwenye nyumba amekupa chumba kimoja tu, nenda kalale kwa yule mwalimu mwenzako, au tumia madumu peke yake na jiko lisiingie kabisa. Hapo katikati hakuna njia ya tatu, usiitafute.

Wakati wa kuamka huna haja ya kushika kipimajoto kila dakika. Wamejikusanya wanalia, wanasikia baridi. Wamekimbilia ukingoni, midomo wazi, ni joto. Wamehamia upande mmoja wote, kuna upepo unapita, utafute unakoingilia. Wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, funga mlango ukalale. Kipimajoto ukiwa nacho kining'inize usawa wa migongo yao, siyo juu ukutani kama kalenda. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Na usiku shika kama kumi, papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa tupu hajajua kula au hajaona maji, mchovye mdomo kwenye maji yenye uvuguvugu mpaka ajue.

Wamefika Alhamisi, kwa hiyo siku ya 7 ni Jumatano. Hiyo ndiyo ya chanjo ya kideri. Ya ugonjwa wa Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na hapo umuulize bwana mifugo kama Gumboro irudiwe siku ya 28. Chanjo uibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Kama ni ya kuchanganya kwenye maji, usitumie maji ya bomba yaliyotiwa dawa, yanaiua, tumia ya mvua au ya kisima. Asubuhi hiyo wanyime maji kwa muda wa saa moja au mbili ili wanywe yote. Ukiona kinyesi chenye damu mwone bwana mifugo, usingoje Jumatatu.

Baba yako goti bado linamsumbua ila hataki kusema, anasema ni kiatu. Maharage tumevuna, magunia manne, nimekutengea debe moja na siyo la kuuza. Bati la jikoni limeng'oka upande wa mgomba, fundi anataka elfu arobaini na mimi nimekataa, nangoja ukija. Mchango wa sendofu ya binti wa jirani nimekuandikia jina lako elfu ishirini, nilidhani una pesa, sikujua zote zimeingia kwenye kuku. Ulitakiwa uniambie. Siyo kwamba ningekukataza. Labda ningekuambia uanze na hamsini, na ungenuna, na ungenunua 150 vilevile. Baba yangu niliyekupa jina lake alikuwa hivyo hivyo.

Na hilo blanketi ni la kujifunika wewe. Nililinunua Njombe kwa ajili ya mwili wako, siyo kwa ajili ya dirisha.

Yule mdogo wako ukimpigia usimwambie niliyoandika hapo katikati. Nitamwambia mwenyewe akifunga chuo. Au mwambie wewe, labda wewe utajua kulisema vizuri kuliko mimi.

Kesho ukipokea madumu piga picha nyingine. Siyo ya vifaranga. Simama mlangoni upige chumba kizima, kona zote, nione dirisha na nione mahali lilipokuwa godoro. Mtumie dada yako, nitakuwa nimekaa naye.

Mama yako

Dumu moja lina asali ndani ya mfuko, usilimwagie maji ya moto kabla hujaitoa.