Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Wasio na Dini

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Naomba pia muache kugeukageuka kutazama viti vya nyuma. Ni vitupu, nimeshavihesabu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Kamati Tendaji imekutana mara tisa. Mihadhara ilikuwa sita. Wazazi 14 walituandikia wakitaka watoto wao wasilazimishwe kuhudhuria vipindi vya dini shuleni, na 11 wamefanikiwa. Tarehe 10 Desemba tulisoma hadharani Ibara ya 18 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kama kila mwaka. Tovuti ilizimika wiki tatu, ikarudi. Gharama ya kuirudisha ilitoka mfukoni mwangu, na sidai. Mengine yamo kwenye taarifa ya Katibu, ambayo naamini mmeisoma.

Sasa ile barua niliyosaini na viongozi wa dini. Na ile picha yangu ya kichwa chini wakati wa sala. Yote mawili mmenilaumu nayo.

Chama chetu kinataka sheria ya viapo irekebishwe ili mtu anayeingia kwenye utumishi wa umma, au anayetoa ushahidi mahakamani, aweze kuthibitisha kwa dhamiri yake badala ya kuapa kwa Mungu asiyemwamini. Tuliwahi kupeleka maoni bungeni peke yetu mara mbili, na mara ya pili yalikuwa na kurasa 18 nilizoziandika mimi kwa usiku nne. Tulichorudishiwa ni nakala yenye mhuri wa "Imepokelewa". Mwaka huu nilitia saini barua ya pamoja na viongozi wa dini 11. Siku ya tisa tukaitwa mbele ya kamati ya Bunge na kupewa dakika 40. Wanaosema barua ile haikuleta kitu, naomba wanitofautishie mhuri na dakika 40.

Najua lililowauma baadhi yenu. Mmeniuliza, chama cha wasio na dini kinakwendaje kukaa meza moja na wachungaji na masheikh? Ndugu zangu, haki hii tunayoililia hawakuipigania kwanza watu kama sisi. Waquaker wa Uingereza, kundi la Wakristo, watu wa dini kabisa, walikataa kuapa kwa sababu wanalishika neno la Yesu katika Mathayo 5, kwamba mtu asiape kabisa. Walifungwa, wakafilisiwa, hadi mwaka 1696 walipokubaliwa kuthibitisha badala ya kuapa. Katiba ya Marekani ya 1787 ikaja kuandika kiapo na uthibitisho bega kwa bega. Wasioamini wa Uingereza walingoja mno. Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880. Aliomba kuthibitisha akakataliwa, akasema basi ataapa, akakataliwa hilo pia kwa kuwa haamini. Wapiga kura wa Northampton wakamrudisha tena na tena, na hakukaa kwenye kiti chake kwa amani mpaka 1886. Sheria ya kuturuhusu sisi kila mahali, bungeni pia, ilipita 1888. Kutoka 1696 mpaka 1888 ni miaka 192. Mlango ulifunguliwa na waumini, sisi tukapitia humo kwa kuchelewa. Sioni aibu kusema hivyo.

Na hata ile lugha ya "ukuta" kati ya dini na serikali, tunayoichapa kwenye fulana zetu, Rais Jefferson wa Marekani aliiandika tarehe 1 Januari 1802 akiwajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut. Hao hawakuwa wakanamungu. Walikuwa kundi dogo la waumini katika jimbo lenye kanisa rasmi, waliochoka kuhesabiwa uhuru wao wa dini kama fadhila ya wakubwa. Muumini aliye mchache anaujua uchungu wa dini ya serikali kuliko mhadhiri yeyote wa kwetu.

Mbele ya kamati ya Bunge nilisema mimi kwa dakika 25, na mzee mmoja mchungaji akasema kwa 15. Mbunge mmoja akauliza, asiyemwogopa Mungu akithibitisha uongo, atamwogopa nani? Hoja hiyo ni ya zamani, maana John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, pamoja na utetezi wake wote wa uvumilivu wa dini, aliandika mwaka 1689 kwamba ahadi na kiapo haviwezi kumshika asiyeamini. Nikajibu kwamba atamwogopa hakimu, kwa kuwa rasimu yetu inatoa adhabu ileile kwa anayeapa uongo na anayethibitisha uongo. Nikaongeza kisa cha Roy Torcaso wa Maryland, aliyenyimwa kazi ya umma kwa kukataa kutamka kwamba Mungu yupo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki yake mwaka 1961, majaji wote kwa pamoja. Nikataja na wabunge wa San Marino, nchi ndogo iliyozungukwa na Italia, waliolazimishwa kuapa kwa Injili, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema mwaka 1999 kwamba walikosewa. Lakini yule mbunge hakuwa akiniangalia mimi, alikuwa akimwangalia mchungaji. Mzee akasema maneno machache tu: "Mimi siapi, na sijawahi kusema uongo mahakamani." Watu wakacheka, na hewa ya chumba kile ikabadilika. Kurasa zangu 18 hazikuwahi kufanya hivyo.

Nakiri kuna aya iliondolewa kwenye barua. Rasimu yangu ya kwanza iligusa misamaha ya kodi kwa nyumba za ibada, na wenzetu wakasema wakiiona hiyo hawasaini. Niliitoa saa tano usiku, baada ya kuzungumza na Katibu kwa simu. Sikuwaita wajumbe wa Kamati Tendaji kwa sababu barua ilitakiwa asubuhi, na Katiba yetu, kifungu cha 14(c), inampa Mwenyekiti mamlaka ya kuamua mambo ya dharura. Wanaosema haikuwa dharura hawakuwa macho saa ile. Suala la kodi halijazikwa, litakuja kwa barua yake na siku yake.

Kuhusu picha. Inanionyesha nimesimama, kichwa chini, wakati wa sala iliyofungua kikao chetu cha maandalizi. Ilisambazwa kwenye kundi letu ikiwa na maandishi "Mwenyekiti ameokoka". Ukweli ni huu. Mzee niliyekaa naye jirani ana magoti mabovu. Sala ilipotangazwa alinishika bega ili ainuke, nami nikainuka naye, la sivyo angeanguka. Mkongojo wake ukateleza chini ya kiti, na picha ilipigwa nilipokuwa nikiutafuta kwa macho. Ukiikuza, utauona ncha yake karibu na kiatu changu cha kushoto. Nimeileta ikiwa imechapishwa kubwa, ipo kwa Katibu. Na hata kama ningesimama kwa adabu tu, sisi tunapinga mtu kulazimishwa kusali na serikali. Hatujawahi kupitisha azimio la kumkataza mtu kusimama wenzake wanaposimama.

Hoja ya kutokuwa na imani na Mwenyekiti ililetwa mwezi Juni. (Kwa chama kama chetu, neno hilo nililipokea kama sifa.) Ujumbe uliotumwa kwenye kundi juu ya picha ile, Katibu ameuhesabu, ni 312 kwa siku mbili. Mkutano wa kuijadili hoja yenyewe ulihudhuriwa na watu 11, na akidi ni 30. Waliotia saini hoja walikuwa 19, na kati yao wanne tu ndio waliofika. Wengine walitoa udhuru, na mmoja aliandika kwamba ana harusi kanisani. Sina neno, harusi ni harusi.

Siku ya kwenda bungeni niliomba watu 40 wakae kwenye viti vya wageni, ili kamati ione kwamba sisi ni raia wenye sura. Tulikuwa wanne, tukimhesabu dereva, ambaye ni muumini mzuri tu na alituombea tufike salama. Upande wa pili viti vilijaa mpaka watu wakasimama ukutani.

Sasa ada. Wanachama kwenye daftari ni 186. Waliolipa ada ya mwaka huu kikamilifu ni 47, waliolipa nusu ni 22, walioahidi ni 60, na waliobaki hawapokei simu ya Mweka Hazina. Waliosaini hoja dhidi yangu, 13 wanadaiwa, na watano wanadaiwa tangu mwaka juzi. Sitaji majina, orodha imebandikwa mlangoni. Fedha iliyopo benki inatosha pango la miezi minne. Mchango wa kumlipa wakili aliyepitia rasimu ulifikia theluthi moja, na iliyobaki wakili ametusubiria kwa hisani, kwa kuwa nafahamiana naye.

Mwaka ujao tunatarajia muswada usomwe. Tunatarajia pia kulifufua suala la sala zinazofungua vikao vya halmashauri, kufika mikoani, na kupata vijana zaidi, pengine na wanasheria wawili watatu wa kujitolea. Tarehe bado. Panapo majaliwa (wanaofuatilia maneno yangu waandike na hilo) tutaanza mara fedha zitakapopatikana.

Mweka Hazina amekaa kushoto kwa mlango na kitabu cha stakabadhi. Atabaki hapo mpaka saa kumi na moja.

Mwenyekiti