Licha ya nini?

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu mwenzetu wa Kiswahili, ambaye hakuwa akiona tangu utotoni. Msibani walisimama wasemaji saba, na sita kati yao walianza hivi: "Licha ya ulemavu wake..." Mimi nilikuwa mmoja wa hao sita. Naomba nafasi katika gazeti lako nijisahihishe.

Tulikaa meza moja kwenye ofisi ya walimu kwa miaka 11. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sawa, mwenzetu aliajiriwa. Msomaji hakupewa. Wanafunzi huandika insha kwa kalamu, yeye alisoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na hapo katikati hapakuwa na mtu. Kwa kuwa nilikuwa jirani yake, kazi ikaniangukia mimi.

Jioni moja giza lilikuwa limeshaingia, nikakutana na daftari lenye mwandiko kama kuku kaparura. Nikamwambia, "Huyu mpe kumi, twende zetu nyumbani." Akanijibu, "Mtoto kaandika, Mwalimu. Wewe soma." Nikasoma. Nilipomaliza akaniomba nirudie aya ya pili, eti nimeruka sentensi. Kweli nilikuwa nimeruka, tena makusudi. Akampa yule mtoto 13 kati ya 20. Mimi sijui angenipa ngapi.

Hayo macho tunayoyataja msibani hayakumsumbua kiasi hicho, alishayazoea. Sisi ndio tuliomchosha. Matangazo ya shule yalibandikwa ubaoni, na asiyeyasoma shauri yake. Mtaro ulio kati ya geti na madarasa haukufunikwa hata siku moja. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu na saini nzuri kuliko yangu, lakini benki moja hapa mjini ilimtaka aweke alama ya dole gumba na aje na shahidi. Shahidi, bila shaka, mimi. Mhudumu akanikazia macho: "Anataka kutoa shilingi ngapi?" Mwenzangu akasema taratibu, "Dada, mwenye hela ni huyu wa huku." Tulicheka njia nzima. Nikiikumbuka leo, naona yeye alicheka kwa sababu mimi nilikuwa nimeona aibu.

Nafasi yake ikitangazwa, nawaomba wahusika waajiri tena mwalimu mwenye ulemavu, na safari hii wamwajiri pamoja na msaidizi wake. Jirani wa meza huhamishwa, huugua, na wakati mwingine huruka sentensi.

Lipo na jambo dogo. Mjane wake ametuletea mashine yake ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu, akasema apewe binti wa kidato cha pili ambaye naye haoni. Ina vitufe sita vya nukta, vitatu kulia na vitatu kushoto, na cha kuachia nafasi katikati. Marehemu aliitumia hadi rangi ya vitufe ikabanduka. Sasa kitufe cha nukta ya nne kimekufa. Nimezunguka kwa mafundi wa cherehani, wa redio, hata wa pikipiki. Kila mmoja anaigeuza, anaipuliza vumbi, ananirudishia.

Binti hajakata tamaa, anaandika hivyohivyo. Lakini bila nukta ya nne herufi "m" hutoka "k". Juzi ameandika barua kwa mama yake, na kila palipo na "mama" pamesomeka "kaka". Msomaji anayemfahamu fundi wa mashine hizi, awe Dar es Salaam au popote, naomba aandike kupitia safu hii. Nauli ya kuipeleka tumeshachanga.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro